Imefutwa Bila Neno: Maswali Yenu Kuhusu Kuhariri Wikipedia

Nimeandika habari za mifereji ya asili ya Wachaga kama alivyonisimulia babu. Aya zote nne zimeondolewa, sijaambiwa kitu. Niache? (Machame)

Usiache. Fungua historia ya ukurasa: maandishi yako bado yapo, na jina la aliyeyatengua lipo pia. Yanakili. Kilichokukwamisha ni chanzo. Wikipedia inataka kitu kilichochapishwa, ambacho msomaji wa Kigoma naye anaweza kukitafuta. Simulizi ya babu, hata iwe kweli tupu, haikidhi. Mifereji hiyo imeandikwa zamani: Charles Dundas, ofisa wa kikoloni wa Kiingereza, aliieleza katika kitabu cha 1924. Anzia hapo. Rudisha sentensi mojamoja, kila moja na tanbihi yenye mwandishi, mwaka na ukurasa. Ikitenguliwa tena, usishindane kutengua. Nenda ukurasa wa majadiliano uulize kilichopungua.

Na wewe uliyefuta: kisanduku cha muhtasari, cha kueleza ulichobadilisha na sababu, kiko pale chini. "Haina chanzo" ni maneno mawili. Kukiacha kitupu ni kumfukuza mtu.

Nisaidieni kuweka kampuni yangu ya utalii. (Sakina, Arusha)

Hapana. Swali hili limejibiwa mno. Subiri wasiohusika nawe wakuandike kwa kina, kisha mtu mwingine aanzishe makala. Ukimlipa kijana akuandikie, masharti ya matumizi tangu 2014 yanamtaka amtaje anayemlipa; akificha, atafungiwa. Anayekuuzia "makala isiyofutika" ni tapeli.

Picha ya Google inafaa nikitaja ilikotoka? (Majengo, Moshi)

Haifai. Piga yako, ipakie Wikimedia Commons, ghala la picha huria zinazotumiwa na Wikipedia.

Viwango hivi vikali si ndivyo vinavyowakatisha tamaa wanaojitolea? (Soweto, Moshi)

Ndivyo, na ushahidi upo. Wahariri hai (wanaohariri mara kwa mara) wa Wikipedia ya Kiingereza walifika kilele 2007, kisha wakaanza kupungua. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wakitenguliwa kazi zao, mara nyingi kwa programu za kujiendesha, nao wakaondoka. Mei 2018 rasimu kuhusu mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa, eti vyanzo havitoshi. Oktoba mwaka huohuo akapata Nobel.

Lakini kulegeza nako kuna gharama. 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti, yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Kwa miaka hakuna aliyemzuia. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina wakaguzi wachache, kwa hiyo hatari hiyo iko mlangoni kwetu. Mnaobandika tafsiri ya mashine bila hata kuisoma kwa sauti, mkifutiwa msilalamike.

Sharti la chanzo libaki gumu. Kinachotakiwa kulegea ni mkono wa mkaguzi: aweke alama ya kudai chanzo, amwandikie mgeni kwenye ukurasa wake wa majadiliano, ampe walau wiki, ndipo afute. Tangazo la biashara na matusi tu ndivyo vifutwe papo hapo.

Makala ya kata yetu ni mbegu, yaani makala fupi isiyokamilika, ya mistari miwili. Niongeze nini? (Njiro, Arusha)

Kama idadi ya watu ni ya sensa ya 2012, weka ya 2022 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na tanbihi yake. Ukibadilisha namba ukaacha tanbihi ya zamani, msomaji atakayeifuata atakuta namba nyingine. Hapo utatenguliwa, na aliyekutengua atakuwa sahihi.