Muulize Babu: Vita viliisha, mbona wanakimbia?

SWALI: Shikamoo Babu. Mke wangu ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Baba mkwe husema vita vya Msumbiji viliisha 1992. Mbona shangazi za mke wangu wamekimbia kutoka Palma, mji wa pwani huko Msumbiji, wako kwangu? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkweo hakosei. Frelimo, chama tawala, na Renamo, waasi waliokipinga, walitia saini mkataba wa amani Roma, tarehe 4 Oktoba 1992, baada ya miaka 16 ya kuuana. Nilipita Msumbiji na lori la chumvi baadaye. Hatukuthubutu kutoka barabarani hata kujisaidia, kwa hofu ya mabomu ya ardhini. Nchi ilitangazwa kuwa safi 2015. Mtoto wa mwaka wa amani alikwisha ota ndevu! Renamo walirudi msituni 2013, wakapatana tena Agosti 2019.

Waliowakimbiza shangazi ni wengine kabisa, wapiganaji wa Kiislamu wenye msimamo mkali, walioanza kushambulia Mocímboa da Praia, mji jirani wa Palma, Oktoba 2017. Gesi iligunduliwa baharini, vijana wa pwani wakabaki kuitazama. Si sababu pekee, ila kwangu mimi hapo ndipo kuni zilipokauka. Machi 2021 Palma ikavamiwa, Total, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, ikasimamisha mradi wake wa gesi.

Wape chumba, na usiwaulize watarudi lini.