SGR haiwezi kuacha reli

Swali: Mtu anayependa sana mambo ya treni tumwiteje kwa Kiswahili: shabiki wa reli, mwanareli, au mraibu wa treni? Kijana wangu ana miaka 15, na anapenda SGR na treni zingine kuliko anavyopenda mpira. (Msomaji, Muheza, Tanga)

Jibu: Mwite mpenzi wa treni, ndugu yangu. Mpenzi limetokana na penda, na tumeshazoea kusema mpenzi wa muziki na mpenzi wa vitabu. Shabiki ana timu, na timu ina mpinzani. Mwana- huashiria fani: mwanasheria anakula kwa sheria, mwanahabari kwa habari, kwa hiyo mwanareli tumwachie fundi na dereva. Mraibu ni wa sigara na mirungi, na kijana wako hana ugonjwa.

Hilo limekwisha. Lililonikera liko kwenye sentensi yako ya pili: "SGR na treni zingine". SGR si treni. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya reli ya upana sanifu, yaani njia ambayo kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa ya pili ni milimita 1,435. Reli ya hapo kwenu Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza 1893, ina milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. Tofauti ya milimita 67 tu, na behewa la TAZARA haliwezi kuendelea kwenye Reli ya Kati ya zamani, ambayo nayo ni ya 1,000. Mizigo inahamishwa Kidatu. Kinachotajwa na SGR ni kipimo hicho. Hayo mengine tumeyapachika sisi.

Leo watu wazima, wenye shahada, wanasema "nimekosa SGR", "SGR imejaa", "SGR imegonga ng'ombe". Nani husema barabara imepata pancha akimaanisha basi?

Sentensi iliyovuka mipaka yote ni hii: "SGR yaacha reli." Isome polepole. Reli imeacha reli! Kuacha reli ni jambo la gurudumu. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, na ukingo huo ndio unaolizuia lisitoke. Vibanio vya reli vikilegea au mataruma yanayozibeba yakichakaa, reli mbili zinaachana, upana unazidi, na gurudumu linatumbukia katikati. Au kwenye kona kali ukingo unaparamia reli na kuangukia nje. Katika ajali zote mbili kilichotoka ni treni, na reli imebaki chini, pengine yenyewe ndiyo chanzo. Mwandishi aliyeandika "SGR yaacha reli" amemfungia msomaji mlango wa kuuliza kilichoharibika ni kipi.

Chukua na hii: "SGR imefika Dodoma." Ni njia iliyofika, au ni treni ya leo jioni? Kwa njia, sentensi ni sahihi kabisa, na abiria walianza kusafiri hadi huko Julai 2024. Kwa treni, ni kosa. Maneno ni yale yale, na anayemsubiri mgeni stesheni hajui ashike lipi.

Kijana wako atayaona haya kabla yetu, kwa sababu wapenzi wa treni hawapendi kitu kimoja. Wajapani wamewagawa na kuwapa majina kwa neno tetsu, chuma: noritetsu hupenda kupanda, toritetsu kupiga picha, ototetsu kurekodi sauti. Waingereza wana wale wanaosimama mwisho wa jukwaa wakiandika namba za vichwa vya treni. Kila mmoja wa hawa ukimwambia "SGR" hujamwambia kitu.

Mrekodi sauti atakuuliza: SGR ya wapi? Ya Mombasa hadi Nairobi inaendeshwa kwa dizeli, na kinachosikika ni ngurumo ya injini. Ya Dar es Salaam hadi Dodoma ni ya umeme, na kinachosikika ni mlio wa mota na vifaa vya kubadili umeme. Kwa milio ya namna hiyo, hadi 2021 Wajapani walikuwa wakizifuata treni za Keikyu, kampuni ya reli ya huko, zenye vifaa vya Siemens ya Ujerumani, ambazo zikiondoka stesheni zilitoa noti za kupanda kama za muziki. Naye anayetaka ule mgongano wa magurudumu kwenye viungio aende reli ya zamani, kwa kuwa mpya imeunganishwa kwa kuchomelewa. Pale ambapo kila kipande cha reli ni mita 12, hesabu migongano hiyo kwa sekunde 43. Idadi utakayopata ndiyo mwendo wa treni kwa kilomita kwa saa.

Mpanda treni anataka kujua ni ipi: inayosimama Voi, Mtito Andei na Emali, au inayopita moja kwa moja? Njia ni moja, safari ni mbili. Mpiga picha anataka kujua kama ni kichwa na mabehewa au ni mchongoko. Neno mchongoko ndilo la kujivunia: watu waliitazama pua ya treni ile wakaipa jina, bila kamati. (Ubao wake wa taa ukitoka na herufi nusu nusu kwenye picha, kasi ya kamera ni kubwa mno. Shuka hadi karibu sekunde 1/125 na uifuate treni kwa kamera.)

Mjenzi wa treni ndogo ndiye anayeumia zaidi, maana kwake kipimo ni pesa. Kwa uwiano wa 1:87, milimita 1,435 huwa 16.5, na milimita 1,000 huwa 11.5, kwa hiyo hutumia njia ya milimita 12. Tuseme anataka kujenga Mount Gelai, namba 5918, kimoja cha vichwa 34 vya mvuke ambavyo Beyer Peacock wa Manchester waliitengenezea Afrika Mashariki kuanzia 1955, na ambacho kipo Makumbusho ya Reli, Nairobi. Akinunua njia ya 16.5 kwa kuwa "reli ni reli", kichwa chake kitasimama kimetanua miguu, na hakuna gundi ya kulirekebisha hilo.

Mtaniuliza: mbona garimoshi naliachia, hata likiwa la umeme? Gari ni la Kihindi, moshi ni wetu, na neno limekaa vinywani tangu enzi za makaa hadi hakuna anayeufikiria moshi. Halimdanganyi mtu. SGR inadanganya leo hii, kwenye habari za ajali na kwenye ratiba.

Sema basi treni ya SGR. Ni maneno mawili zaidi. Ukiona ni marefu, sema treni tu. Na "zingine" katika swali lako: sanifu ni nyingine, umoja na wingi, lakini hiyo nimeshachoka kuipinga.