Kinga ya kompyuta ndogo stima inapopotea ghafla
Ndugu yangu, ikiwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoendesha pampu yako ya maji huko Kisauni hukataa kuwaka kila mara stima ikatikapo, chunguza kwanza kadi ya kumbukumbu, kwa kuwa umeme ukipotea katikati ya kuandika, hata data ya zamani iliyo jirani na ile inayoandikwa yaweza kuharibika. Betri ya akiba husaidia, lakini ni lazima iiarifu kompyuta kwamba stima imekatika, ili ijizime kwa utaratibu kabla chaji haijaisha. Mimi ningeanza na hatua isiyogharimu chochote: kupitia raspi-config, programu ya mipangilio ya Raspberry Pi, ufanye mfumo wote uwe wa kusomwa tu, na mabadiliko yote yabaki kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayofutika stima ikikatika; kwa hiyo rekodi usizotaka kuzipoteza uziandike kwenye flashi ya pembeni.