Dakika Nane za Gadi wa Akiba

Misimu miwili nimelisugua benchi la timu yetu ya mpira wa kikapu hapa Mjini, Unguja, mpaka nikaujua kila msumari wake. Nilikuwa gadi wa pili, yaani akiba wa yule anayepandisha mpira mbele. Mazoezini nawaka, siku ya mechi naambiwa "kaa tayari", na huko kukaa tayari kunamalizikia kwenye kubeba mfuko wa mipira. Kwa hivyo mdogo wangu, kama na wewe unalala na hasira kwa sababu ya dakika za kucheza, nisikilize. Makosa yote mie nishayafanya.

Anza na hesabu. Mechi ni dakika 40, robo nne za dakika 10. Uwanjani mnakuwa watano, kwa hivyo timu ina dakika 200 tu za kugawana, na kikosini mnaweza kuwa 12. Nafasi ya kupandisha mpira peke yake ina dakika 40, basi. Gadi wa kwanza akiwa mzima anakula 32. Zinabaki nane, na hizo nazo hupewi kwa mpigo: nne robo ya pili, nne baadaye, ili mwenzio avute pumzi. Siku nilipoipiga hesabu hiyo ndipo nilipofahamu kuwa dakika nilizokuwa nikiziita zangu ni mapumziko ya mtu mwengine. Kocha alichotaka ni gadi wake akirudi aikute mechi palepale alipoiacha.

Lakini hilo nililijua baadaye. Kabla yake kuna jioni moja ya kaskazi, upepo unavuma uwanjani, nimeingia robo ya pili tunaongoza kwa pointi sita. Mpira wa kwanza kunifikia nikautupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Upepo ukauchukua, haukugusa hata ringi, watoto waliokaa ukutani wakapiga mluzi. Wa pili, wakanijia wawili, nikaudunda juu ya kiatu changu mwenyewe. Wa tatu nikazubaa nao nusu yetu mpaka mwamuzi akapuliza: sekunde nane za kuuvusha mpira nusu ya pili zimekwisha. Nilipotazama pembeni, gadi wa kwanza keshaliweka taulo chini anasubiri kuingia. Sikutimiza dakika mbili.

Nikanuna. Mechi ikaisha tumefungwa, na mie palepale nikamwendea kocha kumuuliza mbona hanipi nafasi. Wakati mbaya na suali baya. "Nenda kwenu ukaoge," ndilo jibu nililopewa. Siku tatu baadaye, mazoezi yamekwisha, adhana ya Magharibi inakaribia na yeye anakusanya koni zake, nikamuuliza taratibu: "Kocha, nikiingia mie, nini kinaharibika?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mpira haufiki mbele."

Na mie wakati wote huo nilikuwa nikitupa mipira mia kila jioni, nikidhani maradhi yangu ni kufunga! Ukikaa ukafikiri, utaona kocha alisema kweli. Gadi wa akiba akiingia tu, wapinzani wananusa. Wanapandisha ukabaji uwanja mzima, wanamsukumia upande wa mkono wake dhaifu, maana wanajua mwili wake bado haujapata moto. Wakimuibia mara mbili tatu, zile pointi sita hazipo tena.

Dawa niliipata kichochoroni. Nyuma ya nyumba yetu Mji Mkongwe kuna njia ambayo ukitanua mikono unagusa kuta zote mbili. Nikawachukua wapwa zangu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, ruhusa kunipiga mikono, na mie natumia wa kushoto tu. Chini pana mabonde, ukiudunda mpira hujui utarudi wapi. Bibi mmoja aliyezoea kukaa barazani akisuka ukili alinivumilia wiki ya kwanza. Ya pili akaniambia, "Mwanangu, huo mpira ukiniingilia humu ndani hautoki." Basi nikajifunza kuudunda chini, usipite goti. Makocha nimepata wengi, lakini aliyenifundisha kudunda ni yule.

Benchi nalo lina kazi yake. Uache mpira, mtazame yule utakayemkaba: anapenda kwenda upande gani, anachoka saa ngapi. Uzijue faulo za timu kabla hujavua fulana ya juu. Zikifika nne katika robo, ya tano inawapa wapinzani mitupo miwili ya bure, na mara nyingi anayeileta ni gadi aliyeingia na hamu zake. Simama, nyoosha miguu, khasa usiku wa kusi. Na usinywe urojo saa kumi mechi ikiwa saa kumi na moja. Hili sitalieleza zaidi.

Mwaka 2003 Steve Kerr, gadi wa akiba wa San Antonio Spurs kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, alikuwa na miaka 37 na dakika hapati. Mechi ya sita ya fainali ya Kanda ya Magharibi, dhidi ya Dallas, gadi wao wa kwanza Tony Parker akasumbuliwa na tumbo. Kerr akaitwa. Akatupa za pointi tatu mara nne, zikaingia zote nne, na Dallas wakatolewa. Wengi husimulia ile mitupo. Mie huwaza zile wiki alizokaa akiuweka mwili tayari bila ya kuahidiwa kitu.

Ila tusidanganyane. Ziko timu utafanya yote haya na usicheze. Moja niliyopita, gadi wa kwanza alikuwa shemeji yake mtu anayelipia usafiri. Hapo malizia msimu kwa adabu, aga, katafute pengine, wala usiende kuwatangaza maskani.

Msimu wa tatu tulikwenda Pemba. Mkondo ulichafuka, na tuliposhuka bandari ya Mkoani gadi wetu wa kwanza hakuwa na kitu tumboni, wala rangi usoni. Nikacheza dakika 31. Walinikaba wawiliwawili tangu mwanzo na mpira ukafika mbele, ingawa pointi zangu zilikuwa nne tu. Wiki iliyofuata, Unguja, mwenzangu kapona na mie nikarudi kwenye nane zangu. Alipotoka robo ya pili alinishika shingo tukipishana, jasho linamtiririka, akaninong'oneza: "Namba saba kushoto hawezi kabisa."