Barua kwa mwanangu: mtoto anaposema kwa sauti yako

Mwanangu mpendwa,

Unasema umemkuta mjukuu wangu ameshika kiuno, anamfokea mdoli wake: "Nimekwambia mara ngapi?" Sauti yako tupu, hata kule kushusha pumzi kabla ya kusema. Unaniuliza kama umeshamharibu, na kama umkataze.

Hujamharibu, na usimkataze. Mtoto wa miaka miwili hajui "mara ngapi" ni nini, kuhesabu kwenyewe bado. Alichokishika ni mahadhi: sauti inapandia wapi, inashukia wapi, na maneno hayo husemwa mtu akiwaje. Kazi hiyo aliianza tumboni mwako, maana miezi ya mwisho ya mimba mtoto huisikia sauti ya mama yake. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vilio vya vichanga 60, Wafaransa na Wajerumani, wenye siku mbili hadi tano tu. Wa Kifaransa walielekea kulia sauti ikipanda, wa Kijerumani ikishuka, kama yalivyo mahadhi ya lugha za wazazi wao. Sasa huyu anayeshinda nawe kutwa, ungetaka aseme kwa sauti ya nani?

Tena umeniandikia ya kufoka tu. Mlipokuja huku nilimwona akimlaza mdoli huyohuyo, akampapasa mgongo, akamwambia "pole, pole, imeisha", huku akivuta mwisho wa neno kama unavyouvuta wewe. Hilo nalo amelitoa kwako.

Ukikasirika na kupaza sauti, ukishatulia mrudie, useme upya mbele yake: "Nilikufokea. Nilitaka uvae viatu tuondoke." Nalisisitiza hili kuliko yote, kwa sababu wazazi wengi hugombana mbele ya mtoto halafu wakapatana chumbani. Mtoto anabaki na nusu ya maneno, tena ile nusu kali, na hiyo ndiyo atakayoiiga.

Akimfokea mdoli, kaa naye chini, umuulize mdoli amekosa nini. Hapo ndipo anapoyajaribu maneno, na hapo ndipo utakapojua anaelewa nini. Akiokota tusi, msicheke wala msishtuke. Mkicheka atalirudia ili mcheke tena. Mpeni neno jingine la kusemea hasira, basi.

Kurudiarudia maneno ya wakubwa ni kawaida kwa umri huu. Ila mtoto akikaribia miaka mitatu bado anarudia ya wengine tu, au maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kupotea, apelekwe kwa daktari wa watoto bila kungoja. Kwa huyu wetu sina wasiwasi huo. Juzi kwenye simu aliniambia, "Paka enda nje Bibi." Hakuna mkubwa nyumbani kwenu anayesema hivyo, hiyo ameiunda mwenyewe.

Mama yako