Sato wanakula chambo ila hawanasi

Mkuu, pole. Umesema unavulia kwenye mawe ya Capri Point hapo Mwanza, sato wanadokoa nyungunyungu mpaka anaisha, na wiki ya tatu sasa hujapata hata mmoja. Kwa maelezo yako, tatizo ni ndoano. Hiyo namba 2 unayotumia ni kubwa mno kwa sato. Sato mdomo wake mdogo na hamezi kwa pupa: anaonja, anatema, anarudi. Funga namba 10, ambayo ni ndogo zaidi (namba ikipanda, ndoano inapungua), kisha kata kipande cha nyungunyungu kifupi kama ukucha, kifunike ncha tu. Ukiacha mkia unaning'inia, ndio huo anaokula.

Boya nalo ulipunguze. Mimi natumia kipande cha bua la mtama, urefu wa kidole, maana boya kubwa samaki analihisi akivuta kidogo tu, anaachia. Likichezacheza, tulia. Likianza kutembea kwenda upande mmoja, hapo ndipo uvute, kwa kiganja tu. Asubuhi mapema ndiyo saa yangu, maji yakiwa bado shwari.

Jambo moja nakusihi: mshipi ukinasa kwenye mawe, ukate. Usiingie majini. Ziwa lina kichocho, na mamba wapo.

Na ukivua jike ukaona mayai au vifaranga mdomoni, mrudishe majini upesi bila kumkamua. Sato huatamia mdomoni, na akishtuka huwatema wote. Mimi nalowesha mikono kwanza kabla ya kumshika.