Nani ana nywila? Maswali yenu kuhusu tovuti za mashirika

*Tovuti yetu imepotea. Ukiifungua unakuta matangazo ya kubeti. Kijana aliyetutengenezea amehamia Dar na simu haipokelewi. Tufanyeje?* (Mratibu, Kongwa)

Swali hili naletewa kila mara, kinachobadilika ni jina la wilaya tu. Jina la tovuti, liwe la .or.tz au .org, hulipiwa kwa muda maalumu, mara nyingi mwaka mmoja mmoja. Nafasi kwenye seva ambako mafaili yanakaa ni malipo mengine. Jina likiachwa bila kulipiwa, baadaye mtu mwingine anaweza kulichukua, na wenye michezo ya kubahatisha wanayapenda majina ya zamani kwa sababu Google tayari inayajua.

Tafuta jina lenu kwenye whois, yaani daftari la mtandaoni la wenye majina ya tovuti, uone limesajiliwa kwa nani na linaisha lini. Kama bado ni la shirika, basi mmedukuliwa: iandikieni kampuni iliyowauzia jina, mkiambatanisha cheti cha usajili na barua yenye muhuri, mkabidhiwe akaunti. Kisha muwaulize wenye seva kama wana nakala rudufu ya kabla ya uharibifu. Kama jina limeshachukuliwa, msipoteze hela kugombana. Sajilini jingine na muwaarifu wafadhili leo hii, kabla hawajabofya kiungo kwenye ripoti yenu ya mwaka jana.

Na wengine mnaosoma mkicheka, nyie je? Jina lisajiliwe kwa jina la shirika na kwa baruapepe ya ofisi, si Gmail ya fundi. Malipo yake yaingie kwenye bajeti ya uendeshaji pamoja na LUKU na maji, yasisubiri mradi. Nimeona bodi zikikagua kadi ya pikipiki mpaka namba ya injini, lakini hakuna mjumbe anayeuliza nywila za tovuti ziko wapi.

*Tovuti mpya ya kisasa itatugharimu shilingi ngapi?* (Ofisa miradi, Dodoma mjini)

Hujasema ya sasa ina kasoro gani. Andika tena ukishajua.

*Kivinjari kinaonya kwamba tovuti yetu si salama. Fundi anasema cheti kinalipiwa kila mwaka.* (Mhasibu, Mpwapwa)

Dada, cheti hicho ndicho kinachoficha mawasiliano kati ya tovuti na msomaji yasisomwe njiani, na kikikosekana kivinjari huonya. Cha Let's Encrypt, shirika linalovitoa mtandaoni, ni cha bure, na kwa shirika lenye kurasa chache kinatosha kabisa. Muda wake ni mfupi, siku 90 kwa kawaida, lakini seva iliyopangwa vizuri hukihuisha yenyewe. Muulize fundi hela ya mwaka jana ilinunua nini. Ukiwa hapo hapo, muulize pia mara ya mwisho alisasisha lini WordPress, kama ndiyo programu inayoendesha tovuti yenu, na programu-jalizi zake, yaani vipande vya ziada vinavyoongezwa juu yake. Wadukuzi wengi hupitia kwenye programu-jalizi iliyosahaulika. Msizozitumia zifutwe. Kuzizima tu hakutoshi.

*Wafadhili wanaipenda tovuti yetu, ila wenzetu wa Bahi wanasema haifunguki kwenye simu.* (Meneja, Dodoma)

Inafunguka, ila wanaishiwa bando kabla haijamaliza. Picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kufika megabaiti 5, nanyi mmeweka kumi na mbili ukurasa wa mbele, zinatembea zenyewe. Ipunguzeni kila picha iwe na upana wa pikseli 1200 hivi na chini ya kilobaiti 200. Programu za bure za kazi hiyo zipo tele. Video wekeni YouTube.

Hukuuliza, lakini nimezitazama picha zenyewe. Watoto wenye sare, jina la shule linasomeka, na maelezo chini yanasema nani ni yatima na nani anaishi na VVU. Ziondoeni leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto si za kuchezea. Hata bila sheria, yule mtoto atakuwa mkubwa na jina lake litatafutwa Google. Picha ya kisima au ya mikono inayopanda mtama itawatosha wafadhili wenu.

*Tuna mwanafunzi wa UDOM anayetaka kutufanyia tovuti bure kama sehemu ya mafunzo kwa vitendo. Tumkubali?* (Katibu, Chamwino)

Mkubali, mpe nauli na chakula, na mwandikiane. Atumie WordPress au kitu kingine ambacho fundi wa kesho atakielewa, asiwajengee mfumo wake mwenyewe ili apate alama. Kabla hajaondoka, aketi na mtumishi wenu, na huyo mtumishi aweke habari moja kwa mkono wake, mwanafunzi akitazama tu. Akishindwa, mafunzo hayajaisha. Nywila zibadilishwe siku ya kuagana. Si kwamba namshuku kijana wa watu. Akaunti yake ikivamiwa huko mbele, nyie msiumie.

*Kwani Facebook peke yake haitoshi?* (Mwenyekiti, Kondoa)

Mzee, ukurasa wenu wa Facebook ameufungua nani, na kwa namba ya simu ya nani?